Panya haugui tetekuwanga, mbona anapimiwa chanjo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimesikia tetekuwanga ni ya binadamu tu, panya hata umwambukize hatoki upele. Sasa mkisema chanjo imefanya kazi kwa panya, huwa mmeona nini?

JIBU: Marahaba. Udaktari umenipa bure, mimi ni mtu wa maabara tu. Usemayo ni kweli: panya hatoki hata kipele. Seli za simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, zinavikubali virusi hivi kidogo. Ndizo zilizotumika, pamoja na za binadamu, Michiaki Takahashi wa Japani alipovipunguza makali na kutoa habari za chanjo yake mwaka 1974.

Kwa hiyo hatungoji mnyama augue. Tunatafuta dalili kwamba mwili umemjua mgeni. Damu hutolewa kabla ya chanjo na wiki kadhaa baadaye, ikaachwa igande, tukachota maji yake, yaani seramu. Tunaizimua nusu kwa nusu, 1 kwa 10, 1 kwa 20, 1 kwa 40, na kuendelea, kwenye kibao cha vishimo 96 vilivyopakwa protini za kirusi. Kingamwili, yaani protini za damu zinazomnasa mgeni, zikinata, mwishoni kishimo hugeuka njano. Seramu iliyozimuliwa sana na bado ikatoa njano ni ya mnyama aliyeitikia vizuri.

Ila njano hiyo ni mwongo mzuri. Siku moja panya wangu waliodungwa maji ya chumvi tu waling'aa kuliko waliochanjwa. Kumbe niliosha kibao harakaharaka, nawahi nyumbani. Kazi ya siku mbili ikaenda jaani.

Tena kunata si kuzuia. Ndiyo maana tunachanganya seramu na kirusi hai, tunamimina juu ya seli za binadamu, na baada ya siku kadhaa tunahesabu matundu aliyotoboa. Yakipungua nusu, hapo kuna kinga. Taabu ni kwamba kirusi huyu hung'ang'ania ndani ya seli. Kumtoa lazima uzipasue, na wengi hufa humo humo.

Na kwa kuwa hupenya kutoka seli hadi seli, mara nyingi kingamwili hazimfikii. Hapo ndipo seli za T, yaani chembe nyeupe za damu zinazosaka seli zilizoambukizwa, zinahitajika. Tunachukua wengu wa panya, tunazilaza seli zake na protini ya kirusi usiku kucha, na kila inayomkumbuka huacha doa moja dogo. Nayahesabu kwa lenzi, jicho moja limefumbwa. Nikiletewa ripoti ya kingamwili tupu, swali langu huwa moja: wengu uko wapi?