Maswali ya Wasomaji: Pete ya sumaku isiyoonekana inaamrishwaje?

Swali: Habari za kazi mhariri. Niko chuo mwaka wa pili, nachukua fizikia. Lekchara wetu aligusia eti kuna watu wanatengeneza pete za sumaku ndogo kuliko bakteria ili zitunze data, akapita hapo hapo akaendelea na mengine. Sasa pete ambayo haina kaskazini wala kusini unaandikaje 0 na 1 humo? Na unaigeuzaje? – Msomaji, Mbeya

Jibu: Salama kabisa mdogo wangu. Kukosa ncha ndo faida yenyewe. Ukipanga visumaku vya kawaida vimesogeleana sana, nguvu inayotoka kwenye ncha za kimoja inamsumbua jirani, data inavurugika. Kwenye pete usumaku unafuata duara mpaka unajirudia wenyewe, karibu hakuna kinachovuja nje, na una njia mbili tu za kuzunguka, kufuata mshale wa saa au kinyume chake, basi hizo ndo 0 na 1 zako. Tundu la katikati nalo lina kazi: bila tundu, pale kati usumaku unakosa pa kuelekea, unalazimika kusimama wima, na hiyo inakula nishati.

Wazo lenyewe la zamani. Kompyuta ya Whirlwind pale chuo cha MIT, Marekani, ilifungwa memori ya pete za ferraiti (kauri ya sumaku yenye chuma) mwaka 1953, pete za kuonekana kwa macho, nyaya zimepenyezwa tunduni. Ukipitisha umeme kwenye waya, uga sumaku, yaani eneo la nguvu ya sumaku, unauzunguka waya (ile kanuni ya mkono wa kulia mliyosoma sekondari) na pete inageuka, kazi imeisha. Sasa pete ya nanomita 100 (nanomita ni mita moja ukigawa kwa bilioni) nani atampenyezea waya? Mwaka 2000 watafiti Zhu, Zheng na Prinz walipendekeza umeme upite wima kwenye pete yenyewe iliyojengwa kwa matabaka, wazo zuri sana kwa kweli, ila maabara nyingi zina uga wa kawaida tu wa kutoka pembeni, ulionyooka, na uga ulionyooka haujui kuzungusha kitu.

Hapo ndo utamu ulipo. Ukiipiga pete ya kobalti kwa uga mkali kutoka kushoto kwenda kulia halafu ukauzima, nusu ya juu na nusu ya chini zote zinabaki zimeelekea kulia, wenyewe wanaiita hali ya kitunguu, na pale nusu hizo zinapokutana panakuwa na kuta mbili, yaani mipaka ambapo usumaku unabadili uelekeo, moja kila upande. Ukileta uga wa kinyume kuta zinaanza kutembea, na hapa fikiria bodaboda mbili kwenye kipilefti, moja iko kushoto nyingine kulia: zikizunguka uelekeo mmoja hazikutani kamwe, zinabadilishana nafasi tu na unabaki na kitunguu kilichogeuzwa, ila zikifuata upande mmoja wa kipilefti zinagongana, kuta zinafutika zote mbili na pete inabaki na mzunguko safi. Pete iliyo duara kamili haina sababu ya kuchagua, kwa iyo inakuwa bahati nasibu.

Dawa waliyoipata watafiti wa chuo cha Johns Hopkins, Marekani, wakaichapisha mwaka 2006, ni kuiharibu pete makusudi. Walitengeneza pete za nusu kipenyo cha karibu nanomita 50 zenye upande mmoja mwembamba na mwingine mnene. Ukuta ukiwa mfupi unakula nishati kidogo, kwa iyo kuta zote mbili zinakimbilia upande mwembamba, zinakutana, kwisha. Kwa kubadilisha tu uelekeo wa uga waliweza kutoa pete zinazoingia kwenye mzunguko kuanzia asilimia 40 hivi mpaka karibu 100. Na kwa sababu upande mnene unabaki vile vile ulivyokuwa, wewe ndo unaamua mzunguko uende wapi: anza na uga wa kulia upate huu, anza na wa kushoto upate ule. Mimi naona hii ni akili kubwa kuliko kutafuta pete isiyo na dosari.

Swali: Sasa mbona hazipo kwenye simu? – huyo huyo

Jibu: Kwa sababu kwenye chipu kila kisumaku cha kutunza data kinachongwa kama kinguzo kidogo, na kuchonga kinguzo kizima ni rahisi kuliko kuchonga kinguzo chenye tundu. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha Tohoku, Japani, walionyesha vinguzo vya nanomita 40 ambavyo usumaku wake umesimama wima, na viwanda vikaifuata njia hiyo. Pete hazijafa lakini, kule chuo cha Sheffield, Uingereza, wanaziunganisha nyingi za pamaloi (mchanganyiko wa nikeli na chuma) zigusane, wanaziweka kwenye uga unaozunguka na kuzitumia kuchakata data, na huko ile bahati nasibu niliyosema wanaitumia kama mtaji.

Swali: Ile pete nyeusi kwenye waya wa chaja ya laptop inaweza kutunza data? – Fundi, Kahama

Jibu: Hapana kaka. Ile ni ferraiti laini ya kuzuia kelele za umeme, na ndani yake kuna vijieneo vingi sana vya sumaku, kila kimoja na uelekeo wake. Ukizima umeme inasahau.