Nilienda Entebbe peke yangu kuona wanyama, nikarudi na alama mkononi

Nianze na kidonda. Mkono wangu wa kushoto, hapa juu kidogo ya kifundo, kuna vidoti viwili vya meno ya tumbili. Wateja wangu wa kushona pale Kibuye, Kisumu, huniuliza kama ni pasi ilinichoma na mimi hujibu ndio ni pasi, kwa sababu hadithi yenyewe ni ndefu na inanipa aibu kidogo. Lakini juzi msichana mmoja nimemshonea gauni akaniambia anataka kuenda Uganda peke yake kuona sokwe (wale chimpanzee), akaniuliza nianzie wapi, nikamwambia nitaandika yote mahali pamoja asome polepole.

Nilienda Agosti 2019. Nilikuwa nimeweka pesa kidogo kidogo tangu Januari ya sare za shule, na nilikuwa nimechoka kungoja marafiki, maana kila mtu anasema twende twende, ikifika siku ya kutoa pesa simu haishikwi. Kwa nini sokwe? Kwa sababu Kenya hatuna wetu wa asili. Wale wako Sweetwaters kule Nanyuki ni wageni, wa kwanza waliletwa 1993 kutoka Burundi wakati vita ilikuwa imeanza huko, na mimi nikiangalia umbali wa Nanyuki nikaona si afadhali nivuke tu boda nikaone na nchi ya watu.

Safari ya Kisumu hadi Busia unaijua, Maseno, Luanda, Ugunja, Bumala, umefika. Kwa Uganda Mkenya anaingia na kitambulisho tu, paspoti si lazima, lakini kile chenye watu husahau ni ile kadi ya homa ya manjano. Usiende kudungwa asubuhi ya safari, kadi inaanza kuhesabika baada ya siku 10, na ukishadungwa mara moja ni ya maisha. Pale boda ni jengo moja, unamalizana na Wakenya na Waganda hapo hapo, kisha unatoka nje na wale jamaa wa kubadilisha pesa wanakuvamia na mabunda. Hesabu mwenyewe kwa simu yako kabla utoe noti, kwa sababu shilingi yao ina masifuri mengi na ukiona unapewa malaki unajisikia tajiri unasahau kuhesabu. Mimi nilisahau. Hiyo tuiache.

Kutoka Busia nilipanda gari ya Kampala (wao matatu wanaita taksi, usishtuke), tukapita Jinja juu ya lile daraja jipya la Nile, tukasimama Namawojjolo kununua kuku wa kijiti na gonja (ndizi za kuchoma), na jioni nikalala Entebbe kwa gesti ya mama mmoja anaita kila mwanamke nyabo, yaani mama. Kiswahili kule si kila mtu anaongea, ukijua tu kusema webale (asante) umeshapunguziwa bei.

Sasa boti. Sokwe wako kisiwa kinaitwa Ngamba, kilomita kama 23 kutoka Entebbe ndani ya ziwa letu hili hili, na hapa ndo mtu wa kusafiri peke yake huumia, kwa sababu boti ukiichukua pekee yako unalipia viti vyote hata vile vimekaliwa na upepo. Nilichofanya ni kupiga simu siku mbili kabla nikauliza kama kuna kikundi kinaenda asubuhi chenye kimebakisha nafasi, nikaambiwa kuna familia ya watu sita, nikabandikwa hapo mwisho kama kiraka. Nililipa robo ya ile bei ya kwanza. Kwa hivyo usibuki tarehe kwanza ndio utafute watu, tafuta watu kwanza ndio uchague tarehe, hii ya peke yako ina faida hiyo, huna mtu wa kubishana naye kuhusu Jumanne au Alhamisi.

Njiani nahodha akapunguza mwendo akasema tunavuka ikweta. Wale wengine wakatoa simu wakapiga picha maji. Mimi nilicheka kimoyomoyo, mtoto wa Kisumu navuka ikweta pale Maseno kila nikienda kwa shangazi, na tena hiyo Ngamba ukiangalia ramani iko karibu mstari mmoja na Kisumu, ni ziwa tu limelala katikati.

Kisiwa ni ekari kama 100, msitu karibu wote, na kwa kona moja kuna nyumba za wafanyakazi na fensi ya stima. Wewe unabaki upande wa nyumba. Wenye msitu ni sokwe, karibu 50 wakati huo, na ukumbi wa kuangalia uko juu ya mbao ndio usiwe karibu sana, maana hao ni ndugu zetu kiasi kwamba mafua yako yanaweza kuwaua. Ukiwa na kikohozi, ahirisha. Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu sokwe hajui kuogelea, maji yenyewe ni ukuta. Walianza 1998 na 19, na wote ni mayatima, mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama au watoto walikamatwa wakiuzwa kama wa kufugwa nyumbani.

Tulikuwa hapo saa tano ya chakula. Kwanza husikii kitu, ndege tu, hao kwera wamejaa kwa miti mpaka unapiga kelele ndio usikike, halafu mahali ndani ya msitu mmoja anaanza, huu, huu, huu, inapanda, wengine wanajibu, na kabla uelewe wameshatoka wote wamepanga mstari kama watoto wa shule wakingoja uji. Na uji pia hupewa kumbe. Walezi wakaanza kurusha karoti, mapapai, maparachichi. Kuna mmoja mkubwa alikuwa anainua mkono anapungia yule mlezi, akirushiwa anadaka bila hata kusimama. Kuna mama mmoja sitamsahau, alijaza papai mdomoni, mbili kwa kwapa, moja ameishika kwa mguu, akaondoka akitembea wima na mguu mmoja ukichechemea kwa sababu ya lile papai, nikaona kabisa ni mimi nikitoka soko la Jumapili. Karoti moja ikaanguka nje ya fensi. Mdogo mmoja akaiangalia, akaenda, akarudi na kijiti, akalala kifudifudi akaivuta pole pole mpaka ikafika. Hakuna mtu alimfundisha hiyo mbele yetu, na ule utulivu wake, wacha tu.

Mlezi alituambia vitu viwili. Kwamba ule msitu hautoshi kuwalisha, sokwe 50 wanahitaji msitu mkubwa mara nyingi zaidi, ndio maana chakula kinaletwa na boti kila wakati na hiyo tiketi yako ndio inanunua karoti. Na kwamba wa kike wote wamewekewa dawa ya kupanga uzazi, ile ile ya kuweka mkononi ya akina mama kliniki, kwa sababu wakizaana hakuna pa kuwapeleka na yatima wengine bado wanakuja. Yule baba wa familia alikasirika kidogo, anaona watu wanalipa kuona watoto wachanga. Mimi hiyo ndo ilinifanya niamini mahali pale. Mtu anayetafuta pesa tu angewaacha wazae, mtoto wa sokwe si ndio anavuta watu na simu zao.

Usiku wanarudi wenyewe kwenye nyumba yao, wana vitanda vya kuning'inia, na asiyetaka kuingia analala msituni. Hiyo nimeweka akilini kama rula yangu: mnyama akichoka na wewe, anaweza kukupa mgongo aende?

Mchana nikaenda kwa zoo ya Entebbe. Jina lake rasmi ni refu, ni kituo cha elimu ya wanyamapori, lakini kila mtu wa bodaboda anaita zoo na iko hapo tangu 1952. Beba kitambulisho chako, watu wa Afrika Mashariki wana bei yao na usipoonyesha utalipa ya mzungu. Hapo nilikaa kwa ndege mmoja karibu saa nzima na hakuna mtu aliniambia twende tumechelewa. Yule ndege wa mdomo kama kiatu cha mbao, shoebill, anafika mtu kifuani, kijivu, anasimama bila kusonga mpaka mtoto mmoja akauliza kama ni sanamu. Unajua anakula nini? Kamongo. Samaki wetu huyu wa Dunga, hapa Kisumu. Nilisimama hapo nikimheshimu kama mtu wa nyumbani. Mhudumu akainamisha kichwa, ndege naye akainama, akagonga mdomo tatatata kama cherehani yangu ikiwa haina mafuta.

Kwa kifaru niliambiwa hadithi nzuri. Uganda ilimaliza vifaru wake wote mwanzoni mwa miaka ya 80, wawindaji waliwamaliza. Wale wa kuanzisha hifadhi ya vifaru inaitwa Ziwa (ni jina tu, si ziwa la maji) 2005 walikuwa wanne kutoka Solio, huku kwetu, halafu wawili wakaletwa kutoka Marekani. Mtoto wa kwanza akazaliwa 2009, baba Mkenya mama Mmarekani. Wakamwita nani? Obama. Nilicheka mpaka yule mhudumu akaniuliza kwani unatoka wapi, nikasema Kisumu, akasema basi umemaliza.

Ningerudi gesti hapo, hii makala ingekuwa fupi.

Nje ya geti boda mmoja akaniambia sister, hapo ndani hujashika kitu, twende nikupeleke mahali unashika. Sitataja ni wapi, na hata siwezi kurudi nikapajua. Mimi nilikuwa na furaha ya mchana mzima, sina mtu wa kuniangalia kwa jicho la wewe unaenda wapi, nikapanda. Ni uwanja wa nyumba ya mtu, chatu ndani ya sanduku la mbao lenye kioo, na tumbili mmoja amefungwa kamba ya nailoni kiunoni. Amevalishwa fulana ya mtoto mchanga. Mimi ni fundi, jicho langu lilienda kwa fulana kabla ya kuenda kwa tumbili, ilikuwa imepunguzwa ubavuni kwa mkono na uzi mweusi, mishono mirefu ya haraka, na pale kamba inapita manyoya yalikuwa yameisha, ngozi imekuwa nyekundu. Niliona yote hayo. Na bado nikalipa, nikaketi kwa stuli, nikamwacha jamaa anipakatishe yule tumbili apige selfi, kwa sababu boda alikuwa ananiangalia na niliona haya kusema hapana baada ya kuletwa. Flashi ilipowaka, akaniuma.

Damu ilikuwa kidogo tu. Jamaa akasema si kitu, weka mafuta ya taa. Ukiumwa au kukwaruzwa na tumbili, mbwa, chochote, tafuta mfereji uoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa kikishaanza dalili ni kifo tu. Yule mama wa gesti ndiye alinishika mkono akaniosha yeye mwenyewe huku akiniita nyabo nyabo, kisha akanipeleka kwa kliniki. Sindano ya kwanza siku hiyo, ya pili siku ya 3, kisha 7, 14 na 28. Nilimalizia Kisumu. Zote pamoja na ile ya kwanza zilinigharimu kuliko boti, zoo, gesti na nauli ya kuenda na kurudi, na boda nina hakika alirudi kuchukua kamisheni yake.

Ndio maana dada, wewe wa gauni la kijani, nakuomba ufanye vitu vichache. Ukipanda boda mwambie unaenda wapi wewe, usiulize yeye anapajua wapi. Mtumie mtu mmoja nyumbani mpango wa siku yako asubuhi, saa na mahali, na ukitaka kubadilisha umpigie kwanza, mimi nina hakika ningempigia dada yangu mkubwa siku ile angenitukana na mkono wangu ungekuwa mzima. Picha zako waombe akina mama wenye watoto wakupige, hao hawakimbii na simu. Na popote penye wanyama wamefungiwa, kabla ulipe, muulize anayekata tiketi: huyu alitoka wapi, na usiku analala wapi? Kule Ngamba walinijibu kabla sijamaliza swali, mpaka na mwaka. Kule kwa fulana jamaa aliniambia ni wa nyumbani tu huyu, amezoea.

Niliporudi, nikiwa bado kati ya sindano ya tatu na ya nne, nilienda Impala Sanctuary, ile hifadhi ya wanyama hapa Kisumu, Jumapili moja mchana. Nilienda huko na shule nikiwa darasa la nne, sikumbuki kuuliza chochote, nakumbuka soda. Nikasimama kwa kizimba cha chui, alikuwa amelala na mgongo kwangu, mkia tu ndio unacheza. Nikamuuliza askari aliyekuwa karibu, huyu alitoka wapi? Akaniangalia, akaangalia bandeji yangu, akasema ngoja hapo, nikuitie mwenye humlisha. Nikangoja.