Wimbo wa viwanjani usiochuja

SWALI: Mhariri, kila ninapotazama mechi za Ulaya kwenye televisheni huwasikia mashabiki wakiimba "oo, o-o-o-o oo" bila neno lolote. Nimeambiwa kwamba hayo ni mahadhi ya bendi moja ya roki ya Marekani. Ni wimbo gani, na mbona hauchuji? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, umeambiwa kweli. Wimbo huo ni "Seven Nation Army", uliotolewa mwaka 2003 na The White Stripes, bendi ya watu wawili kutoka Detroit: Jack White, aliyeimba na kupiga gitaa, na Meg White, aliyepiga dramu. Hawakuwa na mpiga besi. Ile sauti nzito inayoufungua wimbo, ambayo wengi huidhania kuwa besi, ni gitaa la Jack lililopitishwa katika kifaa kinachokanyagwa kwa mguu, ambacho huishusha sauti kwa oktavu nzima.

Naamini kwamba uchache huo ndio unaoudumisha. Mahadhi yake yana noti saba tu, dramu ya Meg inakwenda sawasawa bila madoido, na hata kiitikio cha maneno hakimo, kwa kuwa nafasi yake imeachiwa gitaa. Ndiyo maana mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo, akishausikia mara moja, anaweza kuuimba wote pamoja na maelfu ya wenzake. Beti zenyewe, zinazomhusu mtu aliyechoshwa na umbeya hadi akataka kuuhama mji, ni nzuri, lakini viwanjani hakuna anayezihitaji.

Safari yake ya soka ilianza Oktoba 2003, pale mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji walipousikia katika baa mjini Milan kabla ya mechi dhidi ya AC Milan, wakaingia nao uwanjani, timu yao ikashinda 1-0, wakarudi nao kwao. Februari 2006 AS Roma ilikwenda kucheza Brugge, na mashabiki wake wakaunasa. Miezi michache baadaye, katika Kombe la Dunia la Ujerumani, Waitalia waliuimba hadi timu yao ikatwaa ubingwa. Bendi yenyewe ilivunjika mwaka 2011.

Ukiutafuta, usiusikilize kwa spika ya simu, kwani humeza sauti zile za chini. Tumia redio kubwa au visikilizi vizuri.