Mama kaifungia mashine ya presha kabatini

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi naishi Dar es Salaam, mama yangu yuko Korogwe. Ana miaka 72 na presha anayo muda mrefu. Nilimnunulia mashine ya kupimia nyumbani pamoja na simu janja, tukakubaliana kila asubuhi apige picha ya namba na kuituma kwenye grupu la familia. Alituma kwa muda, kisha akaacha. Mjukuu anayeishi naye anasema mashine kaifungia kabatini. Nikimuuliza mwenyewe ananijibu, "Hiyo mashine ndiyo inayonipandisha presha." Sasa nimeona programu ya simu inayopima presha kwa kuweka kidole tu kwenye kamera. Nimwekee hiyo?
Binti wa Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kidole usimwekee. Kamera ya simu inaweza kuhesabu mapigo ya moyo, lakini presha ni kipimo kingine kabisa. Kuna programu ya aina hiyo iliyouzwa sana Marekani. Watafiti walipoijaribu, matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba karibu watu wanne katika kila watano wenye presha ya juu haikuwagundua. Mgonjwa akishaambiwa na simu kwamba yuko salama, dawa ataziweka kando.

Turudi kwa mama. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewasikia wazee wengi wakisema maneno hayo hayo, na mara nyingi wanasema kweli. Hofu hupandisha presha. Mama anafunga ule mkanda huku akijua kwamba namba zikitoka kubwa, kabla hajamaliza chai huyu atamuuliza jana alikula nini, yule atamkaripia kwa chumvi, na mwingine atapiga simu analia. Mwanangu, hizo ni habari za mwili wake, nanyi mmezianika mbele ya wakwe na wajukuu. Mimi naamini hapo ndipo penye tatizo, wala si kwamba mama hataki teknolojia. Acheni mambo ya grupu. Muombe radhi, kisha achague mwenyewe mtu mmoja wa kumpelekea namba zake. Asipokuchagua wewe, pokea.

Ukienda Korogwe, mwombe apime ukiwepo, nawe kaa kimya utazame. Je, mkanda kaufunga juu ya mkono wa gauni? Ndiyo kwanza katoka jikoni? Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba zinapanda kuliko hali halisi, kwa hiyo huenda ukalazimika kununua mkubwa. Kabla ya kupima aende msalani, kwa sababu kibofu kilichojaa nacho hupandisha presha. Kahawa au chai iwe imepita nusu saa. Akae dakika tano ameegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Na asiongee! Kipimo kilichochukuliwa huku anabishana bei na muuza dagaa mlangoni kifute. Apime mara mbili, akipumzika dakika moja katikati.

Kioo cha mashine nacho tazama. Kuna bibi mmoja alikuwa akisoma namba ya mapigo akidhani ndiyo presha yake, akawa anafurahi kila siku kwamba imeshuka. Chukua plasta nyeupe na kalamu ya wino mzito, uandike pembeni ya kila namba: ya juu, ya chini, mapigo.

Kama presha yake imetulia kwa dawa, hana haja ya kupima kila siku. Siku saba kabla ya kliniki zinatosha, asubuhi na jioni, kila kitu kiandikwe kwenye daftari. Nyumbani wastani wa 135/85 na kuendelea huhesabiwa kuwa juu. Kliniki ni 140/90. Mashine yenyewe aibebe siku hiyo, wailinganishe na ya kwao. Simu mkuzie maandishi na umfundishe kurekodi sauti, maana mzee anayesumbuka kuchapa namba atazitamka vizuri tu.

Jambo la mwisho ni la huyo mjukuu, na ulirudie mpaka alishike. Namba zikifika 180/120, bibi apumzike dakika tano, apimwe tena; zikibaki hapo, waende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini akiona bibi anaumwa kifua, anahema kwa shida, mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, asihangaike kupima wala kutafuta simu ya kupigia picha. Amwite dereva wa bajaji waondoke, wewe utapigiwa wakiwa njiani.