Kwa mwanangu uliye Mlimani

Mwanangu,

Salaam kutoka Morogoro. Mama yako hajambo, goti limepungua maumivu. Jumapili uliniuliza kwenye simu: "Baba, watu wakikuuliza nasoma nini, huwa unawajibu nini?" Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilihitaji kukaa na kalamu.

Mwaka wako wa kwanza wote niliwaambia unasoma ualimu. Karakana, msikitini, hata kwa mjomba wako. Unisamehe. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvuka kidato cha nne; mimi niliishia darasa la saba nikashika randa. Siku ulipochaguliwa, mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Watu hao hao ningewaambiaje kwamba tumeuza nusu ya shamba mtoto akasomee gitaa?

Ilikuwa aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Mji huu unaujua muziki. Salum Abdallah, mwanamuziki wa bendi ya Cuban Marimba, alikufa kwa ajali ya gari 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz hapa hapa, ajali ilimmaliza Mombasa Januari 1979. Wazee walilia, kisha wakatugeukia sisi vijana: mmeona?

Lakini hofu kubwa ilitoka nyumbani. Baba yako mkubwa alipiga solo miaka kumi na moja katika bendi ya shirika. Gitaa la shirika, spika za shirika, hata suti za jukwaani za shirika. Alipougua walikuja watu wawili wakalibeba gitaa. Akabaki kitandani anachezesha vidole juu ya blanketi. Wiki ile ile wimbo wake ulikuwa ukipigwa redioni, naye hana hata nauli ya kwenda hospitali. Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo sasa ilipitishwa 1999. Yeye alishazikwa zamani.

Likizo iliyopita uliniomba nikuimbie wimbo ule. Nikauimba kwa sauti yangu hii iliyojaa vumbi la mbao, nawe ukawa unaandika nota juu ya ile mistari mitano, kila mara unanirudisha nyuma: "Hapo, baba, sauti ilipanda au ilibaki pale pale?" Ulipomaliza ukaupiga. Kisha ukaandika juu ya karatasi: Mtunzi, na jina la kaka yangu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Miaka yote hiyo niliamini muziki ndio uliomdhulumu. Kumbe ndugu yangu hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kilicho chake. Wewe unasoma nota, na mkataba unaweza kuusoma mpaka mstari wa mwisho.

Hofu haijaisha yote, sitakudanganya. Deni la Bodi ya Mikopo lipo. Ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara, na usipoajiriwa deni halikusahau. Kwa hiyo kila kazi, hata ya kupiga harusini, andikianeni: tarehe, malipo, vyombo ni vya nani. Ukipata nafasi ya kufundisha muziki shuleni, ichukue kwa moyo mweupe. Na ule wimbo, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize namna ya kuusajili kwa jina lake. Wanawe wapo.

Sasa jibu lako. Ijumaa mzee mmoja aliniuliza baada ya swala. Nikamwambia, "Anasoma muziki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa pili." Akaniuliza kama wewe ni mtoto wa nyumba ile ya mpiga solo. Nikasema ndiyo, ni wa nyumba ile.

Nimeanza kukutengenezea sanduku la gitaa. Mninga ni mzito mno kubeba kwenye daladala, nimechagua mkangazi. Pima urefu wote kuanzia kichwa cha gitaa mpaka chini, upana wa tumbo na unene wake, unitumie kwa sentimita kabla ya Jumamosi. Gundi nimeshanunua.

Baba yako