Mtunza stoo anayumba kazini, kikao nikiandae vipi?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa duka la jumla hapa Ngamiani, Tanga. Mtunza stoo wetu ana miaka miwili kazini. Miezi mitatu hii daftari lake halilingani na mzigo uliopo, na oda za wateja wa Muheza na Pangani zinachelewa kutoka. Bosi anataka Jumatatu nimweke kitako. Lakini ni mtu mzima, kila asubuhi namwamkia. Nijiandae vipi?

JIBU: Endelea kumwamkia. Shikamoo haijamzuia mtu kusema kweli. Kinachoharibu ni kuzungukazunguka nusu saa, mwenzio akatoka hajui kaitiwa nini.

Usiende na "siku hizi umezembea". Nenda na tarehe, bidhaa, idadi iliyoandikwa na iliyohesabiwa, oda ilitakiwa itoke lini na ikatoka lini. Matukio matatu manne yanatosha. Kisha jiulize jambo ambalo mabosi wengi hulikwepa: hicho kipimo, aliwahi kuambiwa? Kama hakuna aliyemwagiza ahesabu stoo kila Jumamosi, basi anzeni kujisahihisha nyinyi.

Tazama pia kilichobadilika miezi mitatu hiyo. Msaidizi wake aliondoka? Mlihamia kwenye kompyuta bila kumfundisha? Au ni macho? Majibu usiyatunge, andika maswali, na kikaoni mwache aseme kwanza. Ila ukiona dalili kwamba mzigo unaibwa, hilo ni suala la nidhamu na lina utaratibu wake. Usilichomeke humu.

Sheria nayo inayataka haya. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji duni, atoe maelekezo au mafunzo panapohitajika, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha kujirekebisha. Mkimwachisha kwa kuruka hayo, ana siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alitenda haki.

Mpe taarifa mapema, na mkutane ofisini, si kaunta mbele ya makuli. Mwishoni andikeni nini kibadilike, nani atamsaidia, na tarehe ya kukaa tena. Wote wawili msaini, naye abaki na nakala. Bosi naye zungumza naye kabla ya Jumatatu, asije akaingia katikati ya kikao akaanza kufoka.