Rafiki wa safari kanyamaza: Shangazi anajibu

Haya jamani, tangu wageni waanze kupungua hapa Lamu maswali yanayonifikia ni kama moja tu limevaa kanzu tofauti tofauti, yule nilokutana nae safarini, mbona sa hivi tuko hivi? Nimekaa barazani Mkomani na kahawa tungu yangu, najibu ninayoyaweza.

"Shikamoo Shangazi. Mi ni baharia wa Shela. Mwezi wa kwanza nilimpeleka Mjerumani mmoja Kiwayu kwa mashua, siku nne, tumevua, tumechoma samaki ufukweni, tukawa kama ndugu. Sa hivi namtumia meseji kila siku, tiki zinakuwa buluu halafu anajibu baada ya siku tano, tena kikatuni cha kucheka tu. Kanichoka?"

Marahaba mwanangu. Kwanza niambie, hiyo kila siku unamwandikia nini? Maana kuna kijana jirani yangu alilia hivyo hivyo, nikamwambia lete simu nione, nikakuta "mambo", "uko?", "mambo rafiki", "kimya sana", siku kumi na nne mfululizo. Hata mimi ningejibu kwa kidole gumba.

Halafu kumbuka wewe ni mtoto wa bahari. Babu zetu walikuwa na marafiki Oman na Bara Hindi, jahazi zinakuja na upepo wa kaskazi kuanzia Disemba hivi, watu wanakula pamoja, wanauziana, wengine mpaka wanaozeshana, kusi likianza kuvuma mwezi wa nne kila mtu anapandisha tanga anarudi kwao na hakuna barua wala simu mpaka kaskazi irudi. Mgeni akishuka tena pale gatini hakuna aliemuuliza mbona ulininyamazia, anaulizwa watoto hawajambo, anakaribishwa ndani. Yule Mjerumani wako ana kazi yake na baridi yake, na nyinyi hamkuwa marafiki wa kila siku tangu mwanzo, mlikuwa marafiki wa siku nne nzuri sana. Mwandikie mara moja kwa mwezi, lakini mpe kitu. Ile mashua mkiipandisha ufukweni kuipaka sifa, yale mafuta ya papa, na kuiziba nyufa kwa kalafati, piga picha, mwambie "ile sehemu ulokuwa unakaa ilikuwa inavuja". Au rekodi sauti ya alfajiri, muadhini na punda wakishindana. Hiyo hawezi kuijibu kwa kikatuni.

"Shangazi mi niko Malindi. Nina rafiki Muitaliano, kajifunza Kiswahili kidogo. Nilimwambia anipigie Jumapili saa tatu asubuhi. Akanipigia saa tisa usiku! Mume wangu kaamka kavimba. Nani mwenye kosa?"

Nimecheka mpaka kahawa imemwagika. Mwenye kosa ni saa yetu, maskini. Yeye kasikia tatu, kaelewa tatu kwa hesabu ya kizungu, yani 3:00, na hiyo 3:00 ya alfajiri hapa Kenya ndo saa tisa yetu ya usiku, na kama ilikuwa msimu wa baridi basi huko Italia ilikuwa saa saba usiku, yani mtu kakaa macho mpaka saa saba kwa ajili yako! Mwambie huyo mume huyo ni rafiki wa kushikwa.

Kuanzia leo muandikie saa kwa tarakimu, 9:00, na uongeze "saa ya Kenya". Jingine, sisi saa zetu hazisogei lakini wenzetu wa Ulaya wanazisogeza, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo Italia wakati wa joto iko nyuma yetu saa moja, wakati wa baridi saa mbili. Wengi wanagombana mwezi wa kumi na moja bure, "umechelewa", "sijachelewa", kumbe ni saa imehama. Na dadangu, mume mpitishie simu amsalimie huyo mtu. Rafiki anaejulikana na nyumba nzima hana wivu wa kuleta.

"Kuna Mswidi tulikuwa tunaongea vizuri, miezi mitatu sasa hatujaandikiana. Mtoto wangu karudishwa nyumbani kwa karo. Ni vibaya nikimwambia? Baba wa wawili, Langoni."

Kakangu, shida si aibu, ila angalia hiyo miezi mitatu ulosema wewe mwenyewe. Meseji ya kwanza baada ya kimya chote hicho ikiwa ni karo, hata iwe kweli tupu, atahisi alikuwa amewekwa akiba. Ndugu yangu mmoja alikuwa na rafiki aliemsaidia bati za nyumba, kwa moyo kabisa, halafu kila mwezi ikawa mbuzi kaugua, bomba limepasuka, mwisho mzungu wa watu akabadilisha namba. Bati zipo mpaka leo, zinavuja.

Anza kwa fundi wa karo mwenyewe, yani mwalimu mkuu, kaombe kulipa kwa awamu. Ukikwama kabisa, mwambie Mswidi wako mara moja, taja kiasi kamili, sema ni mkopo na utarudisha lini, halafu rudisha hata nusu. Na mwambie wazi akisema hana hakuna kilichoharibika. Kama unachotaka hasa ni wateja, omba wateja! Hilo la kukuletea wenzake wakija Lamu hata halimgharimu.

"Nataka kumtumia zawadi rafiki yangu wa Uingereza. Makombe mazuri ya baharini ninayo."

Makombe acha. Ndani ya hifadhi ya bahari hayaokotwi, na mizigoni yanaleta maswali, gamba la kasa ndo usithubutu kabisa. Tuma kofia ya kushonwa kwa mkono, nyepesi, haivunjiki. Halwa mpe mtu anaesafiri, usiipeleke posta, itafika imekuwa gundi.

"Anataka nimtembelee Ufaransa. Mi namwambia aje yeye. Nani aanze?"

Aanze yeye. Kuja kwetu tangu Januari 2024 hakuna viza, kuna kibali cha mtandaoni, kama dola 30. Wewe kwenda huko viza ni yuro 90, na wakikunyima hazirudi. Aje kipindi cha Maulidi.

"Shangazi, kuna dada wa Tanga tulikaa kiti kimoja kwenye basi, tukapendana sana. Alinitafuta, nikawa bize, sasa ni miaka minne. Naona haya hata kuandika."

Hapa sina ujanja wa kukucheka, maana na mimi yalinikuta. Basi lilitukwamia karibu na Witu, jua la saa saba, na mwanamke mmoja wa Tanga aliekuwa anakuja Maulidi akakata mkate wake vipande viwili bila kuniuliza jina. Tukasalimiana kwa simu mwaka mzima, halafu simu yangu ikapotea, namba nikaja kuipata kwenye daftari la zamani, na badala ya kupiga nikaanza kutunga maelezo. Miaka sita natunga maelezo!

Mwisho nikapanga kabati nikakuta kikapu chake cha ukindu, mkono mmoja umekatika. Sikuandika samahani wala habari za siku nyingi, nikapiga picha nikatuma. Kabla sijafika jikoni simu imelia: "Kumbe ni wewe mwizi! Mi nilimsingizia konda."